Baridi ya Kuvumilia na Baridi ya Kuhitaji: Kuchagua Mplamu wa Bustani ya Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mwishoni mwa Julai mbele ya wakulima wa bustani za nyumbani. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: wakubwa wangu, shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima na kwa furaha ya kuwaona.

Nimeombwa nizungumze juu ya mplamu. Wengine kati yetu huyaita matunda yake plamu, wengine plamsi, na wengi zaidi huyaita matunda damu, kwa sababu ya ule wekundu unaochuruzika kidevuni unapoling'ata lililoiva. Kila Desemba, basi la kwenda Dar es Salaam linaposimama Mombo, wauzaji huinua ndoo za matunda damu ya Lushoto mpaka kwenye madirisha, nasi watu wa Kilimanjaro tunanunua, tunakula, kisha tunaulizana swali moja ambalo nimelisikia tangu ujana wangu. Kama mlima wa wenzetu unazaa matunda haya, mlima wetu umekosa nini?

Mlima wetu haukukosa kitu. Tulichokosa ni kuuchagua mti.

Nimekuja na jambo moja leo, na nitalirudia kwa makusudi, kwa sababu kutolijua kulinigharimu miaka tisa. Mti wa matunda wa nchi za baridi una mambo mawili na baridi. Kuna kuivumilia, na kuna kuihitaji. Kuvumilia ni kupigwa na baridi usife. Kuhitaji ni kushindwa kuamka mpaka baridi ikufikie na ikutimizie haja yako. Mlinzi wa lango huvumilia baridi ya usiku kucha, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba anaihitaji. Muuzaji wa miche anapokuambia kwamba mti fulani ni wa baridi, je, anakuambia lipi kati ya haya mawili? Mara nyingi mwenyewe hajui, na wewe huulizi.

Mwaka 1999 mimi na marehemu mume wangu tulinunua miche minne ya plamu kwa muuzaji mmoja aliyekuwa na maneno mazuri. Kila mche ulikuwa umefungwa kikaratasi chenye jina la aina yake, Stanley, na chini ya jina yaliandikwa maneno yaliyotufurahisha sana, kwamba aina hii hustahimili baridi kali. Kwetu ni Marangu ya juu, na mwezi wa saba tunavaa makoti mpaka saa nne asubuhi. Tukasema, mti wa baridi ndio hasa unaotufaa. Tukachimba mashimo, tukajaza samadi ya ng'ombe, tukauelekeza mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, upite karibu lakini usituame, tukapanda.

Miti ilikua. Nisiwadanganye, ilikua vizuri. Mwaka wa nne ilinipita kichwa, na mwaka wa tano mume wangu aliweka miti ya kuegemeza matawi, akitazamia uzito wa matunda. Hayakuja. Tulipoitazama kwa makini tuliona jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alikumbuke, maana ni dalili ambayo ukishaijua huwezi kuisahau. Matawi yalikuwa marefu, membamba na matupu, macho yote ya katikati, yaani vitumba vya kuchipukia, yamelala kimya, na majani yamejikusanya nchani tu, mfano wa mgwisho wa mzee. Maua yalitokea mawili Septemba, moja Novemba, matatu Februari, kila moja kwa wakati wake, na yote yakapukutika. Mzee mmoja wa jirani alitushauri tupigilie misumari shinani ili mti ushtuke, na mume wangu akapigilia mitatu. Ingali imo mpaka leo, imemezwa na gome.

Mwaka wa tisa alitutembelea mwenzangu mmoja wa siku nyingi, aliyesomea miti ya matunda. Hakusema neno. Alichukua wembe, akachuma kitumba kimoja kutoka katikati ya tawi, akakikata kwa upana juu ya ukucha wa dole gumba, akaniita nisogee. Ndani, pale ambapo ua lingekuwa, palikuwa na doa la kahawia, kavu kama tumbaku. Akaniambia, "Mwalimu, hiki hakikuuawa na baridi. Kimekufa kwa kuisubiri."

Ndugu zangu, naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Mplamu wa nchi za baridi hulala. Siku zinapofupika hukoma kukua, hudondosha majani, na ndani ya kila jicho hufunga mlango. Mlango huo haufunguliwi na joto peke yake, kwa maana joto lingeweza kuja siku tatu katikati ya Januari, mti ukadanganyika, ukachanua na kuuawa juma linalofuata. Kwa hiyo mti huhesabu. Huhesabu saa za baridi, yaani saa ambazo hewa iko kati ya nyuzi 0 na nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na mpaka hesabu yake itimie hauamki. Kila aina ina hesabu yake. Stanley ulizaliwa Geneva, katika jimbo la New York nchini Marekani, kwa kukutanisha plamu ya Kifaransa ya d'Agen na ile iitwayo Grand Duke, ukatolewa kwa wakulima mwaka 1926. Hesabu yake ni zaidi ya saa 700. Kwao huzipata kabla majira ya baridi hayajaisha. Je, sisi tungezitoa wapi?

Moshi mjini tuko kwenye mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida kipimajoto hapa hakishuki mpaka nyuzi 7 hata usiku mmoja wa mwaka. Arusha mjini wako kwenye mita 1,400 hivi, na usiku wa Julai wao hupata nyuzi 12 au 13. Baridi hiyo tunaiona kali sisi, lakini kwa Stanley ni jioni ya kawaida. Tena kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1974 watafiti wa Utah walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba joto la mchana linalopita nyuzi 16 haliishii kutoongeza kitu tu. Linapunguza kile ambacho usiku ulikuwa umeweka akiba. Kazi ya usiku hufutwa na mchana. Miti yangu minne ilikuwa ikihesabu kila usiku na kufutiwa kila adhuhuri, miaka tisa mfululizo.

Kwa hiyo nasema tena. Usiulize mti huu unavumilia baridi kiasi gani. Uliza unahitaji baridi kiasi gani.

Sasa, yako mahali ambako swali la kwanza ndilo swali lenyewe, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba ni swali la kipuuzi. Binti wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu, anaishi Minnesota, kaskazini ya Marekani, na najua wengi wenu mna ndugu huko. Alipopata nyumba yenye uwanja alitaka mplamu, akanunua miche miwili ya Santa Rosa kwenye duka moja kubwa linalouza kila kitu, akapanda mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikawa mizuri. Kisha ikaja Januari 2019. Tarehe 30 ya mwezi huo, Minneapolis kipimajoto kilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri. Hebu tulifikirie hilo pamoja. Barafu ya friji zetu za nyumbani huwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Miti yake ilisimama nje, usiku, kwenye baridi inayopita ya friji kwa nyuzi 15.

Aprili alinipigia simu ya video, amesimama kwenye matope ya theluji iliyoyeyuka. "Mama mkubwa," akaniambia, "matawi ya juu yamekauka, na ya chini yako hai lakini sioni dalili ya ua." Nikamwambia atafute wembe. Akakata kitumba juu ya ukucha wake, akakisogeza kwenye kamera, nami nikaliona lile doa la kahawia. Lilelile. Mwanangu alikuwa upande wa pili wa dunia, na doa lilikuwa lilelile nililoliona Marangu. Changu kilikufa kwa kusubiri baridi isiyokuja, na chake kilikufa kwa baridi iliyopita kiasi chake. Tulikuwa na tatizo moja lenye nyuso mbili: kila mmoja wetu alipanda mti wa mahali pa mwenzake.

Mti unaoweza kukaa kwenye baridi ya namna ile hufanya kazi ya ajabu kwa ukimya. Kuanzia mwisho wa kiangazi cha huko hutoa maji ndani ya chembe zake na kuyaweka nje kidogo, ambako yakiganda hayapasui kitu, na sukari inayobaki ndani huzidi kuwa nzito. Vitumba vya mplamu hufanya zaidi ya hapo. Maji yaliyomo hubaki maji hata chini sana ya sifuri, yakikataa kuganda, mpaka baridi ifike kikomo cha aina ile. Hapo huganda yote kwa mara moja, na ua hufa. Kwa hiyo kitumba cha ua huwa na kikomo cha karibu kuliko shina, na ndiyo maana mti unaweza kupona usizae. Wizara ya Kilimo ya Marekani imeigawa nchi yao katika kanda kwa kufuata wastani wa usiku wa baridi kuliko wote kwa mwaka. Kanda ya 5 huishia nyuzi 29 chini ya sifuri, na kanda ya 4, ambayo ni sehemu kubwa ya Minnesota, huishia nyuzi 34. Santa Rosa ni mti wa kanda ya 5. Mwanangu yuko kanda ya 4. Kwenye kibandiko cha mche namba hiyo ilikuwapo, ndogo, chini kabisa.

Tena huko hatari haiishi na Januari. Ua likishafunguka, nyuzi 2 tu chini ya sifuri huanza kuliua, na nyuzi 5 huua karibu yote. Hata jua huumiza, kwa kuwa mchana wa majira ya baridi hupasha moto gome la upande wa kusini-magharibi, usiku hugandisha palepale, na gome hupasuka; ndiyo maana wenyeji hupaka mashina chokaa au rangi nyeupe.

Basi walifanyaje watu wa huko? Naipenda sana habari hii. Porini kwao kulikuwa na plamu ya asili, tunda dogo lenye ganda gumu, chungu karibu na kokwa, lakini mti wake haushtushwi na baridi yoyote. Na kutoka Asia zilikuja plamu kubwa, tamu, zenye maji mengi, ambazo hufa usiku wa kwanza. Niels Hansen, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Dakota Kusini, alikutanisha plamu ya porini na plamu moja ya China, akapata aina aliyoiita Toka, mwaka 1911. Chuo Kikuu cha Minnesota kikaendeleza kazi ya namna hiyo, na mwaka 1933 kikatoa Superior, ambayo upande mmoja ina damu ya plamu ya Kijapani na upande wa pili damu ya zao jingine la Hansen. Nikamwambia mwanangu ang'oe Santa Rosa, apande Superior, na ubavuni mwake apande Toka. Sababu ya kupanda miwili ya aina tofauti nitaieleza baada ya muda mfupi. Nikaongeza kwamba kama angekuwa na nafasi ya mti mmoja tu, angetafuta Mount Royal kutoka Quebec, Kanada, ambao hujichavusha wenyewe. Alipanda ile miwili. Mwaka jana alinitumia picha ya bakuli la plamu juu ya meza yake, na pembeni ya bakuli kisu, na ngozi moja iliyomenywa ikiwa imejikunja.

Akaniuliza, "Mama mkubwa, nikija Krismasi nikuletee vijiti vya Toka ubebeshe, uviunganishe kwenye miti yako?"

Nilimkatalia kwa sababu mbili. Ya kwanza mmekwisha kuijua: Toka ni bingwa wa kuvumilia, na bingwa wa kuvumilia kwa kawaida ana haja kubwa pia, kwa kuwa aina inayoamka upesi haiwezi kudumu kule. Ya pili ni nzito zaidi, nami naisema nikiwatazama vijana wenye ndugu wanaosafiri. Msibebe kijiti cha mti ndani ya sanduku la nguo. Kuna ugonjwa wa virusi wa plamu uitwao sharka, ulioonekana kwanza Bulgaria mwanzoni mwa karne ya 20, ukaenea Ulaya kwa miche na kwa vidukari. Mwaka 1999 ulionekana Pennsylvania, na ili kuumaliza iliwabidi wang'oe mashamba kwa mashamba ya pichi na kufuatilia kwa miaka kumi. Sisi tuna mapichi karibu kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha juu. Anayetaka kuingiza mche aombe kibali kwanza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapa jirani, Ngaramtoni, Arusha, na mche uje na cheti cha afya cha nchi ulikotoka. Ni usumbufu, nakubali. Ni usumbufu wa wiki chache kulinganisha na wa miaka kumi.

Turudi nyumbani. Kama si Stanley na si Toka, ni upi?

Mwaka 1885 mtu mmoja wa California, Luther Burbank, aliagiza miche ya plamu kutoka Japani. Plamu hizo asili yake ni China, lakini kwa kuwa zilimfikia kupitia Japani, dunia nzima huziita za Kijapani. Kwa miaka ishirini alizikutanisha, akachagua, akachoma zilizobaki, na mwaka 1906 akatoa ile aliyoipa jina la mji wake, Santa Rosa. Hesabu yake ya baridi ni ndogo kuliko ya plamu za Ulaya, kama saa 300 hadi 500. Ule mti uliokufa Minnesota kwa kuwa mwepesi wa kuamka, wepesi wake huohuo ndio fadhila yake kwetu. Na Natal, Afrika Kusini, ikatokea Methley, mtoto wa plamu ya Kijapani na ile plamu ndogo ya cheri, ambayo haja yake ni saa 150 hadi 250 tu, na hujichavusha yenyewe. Chuo Kikuu cha Florida nacho kimetoa aina za haja ndogo, zenye majina yanayoanza na Gulf, kama Gulfbeauty na Gulfrose. Mkiona majina haya kwenye orodha ya muuzaji, simameni. Mkiona Stanley, Victoria au damson, zote plamu za Ulaya, piteni.

Mtaniuliza, na mtakuwa na haki, "Mwalimu, hata saa 150 hatuna, umetuambia mwenyewe kipimajoto hakifiki nyuzi 7." Ni kweli. Kwa hiyo kwetu aina peke yake haitoshi. Mahali na mkono wa mkulima lazima visaidie.

Mahali kwanza. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Walio chini ya mita 1,200, yaani hapa mjini, Himo, na wenzetu wa Usa River, nawaambia kwa upendo kwamba wapande parachichi na maembe na wasipoteze shimo kwa mplamu. Kuanzia mita 1,400 kwenda juu, Methley. Kwenye vihamba vya juu kabisa, karibu na msitu, Santa Rosa inafaa kujaribiwa. Na katika kihamba chako tafuta kona ya baridi. Minnesota nilimwambia mwanangu apande kwenye mwinuko ili hewa baridi imteremkie jirani. Ninyi nawaambia kinyume chake, pandeni bondeni, pale ambapo ukipita saa kumi na moja alfajiri unahisi miguu inaganda, mradi maji yasituame. Jua la Julai kwetu liko kaskazini, hivyo upande wa kusini wa nyumba au wa boma la miti una mchana mpoa zaidi. Na lile wingu la kipupwe linalotufunika siku tano bila kuuona mlima, ambalo kila mtu hulilalamikia kwa sababu nguo hazikauki, kwa mplamu ni neema, maana linazuia mchana usifute kazi ya usiku.

Kisha mkono wa mkulima. Huko Batu, Java ya Mashariki, karibu na ikweta kama sisi, wakulima huvuna matofaa mara mbili kwa mwaka bila baridi ya kutosha. Siri yao ni kwamba hawauachi mti uingie kwenye usingizi mzito. Baada ya mavuno huondoa majani yote kwa mkono, na macho, kabla hayajafunga mlango, hulazimika kufunguka. Nimefanya hivyo kwa Methley wangu kwa miaka kumi na miwili sasa. Juni nauacha bila maji. Mwisho wa Julai, majani yakiwa yamekomaa na kuanza kukakamaa, nayaondoa. Silivuti jani, kwa kuwa jicho limekaa kwapani mwake na ukivuta hovyo utang'oa vyote viwili. Nakata kwa mkasi, nikiacha kipande cha kikonyo ambacho hudondoka chenyewe baada ya siku chache. Yale matawi yanayosimama wima nayalaza kwa kamba na kigingi, kwa sababu tawi lililolala hufungua macho mengi kuliko lililosimama. Kisha narudisha maji. Septemba unachanua wote kwa pamoja, mweupe mpaka watoto wa shule husimama barabarani, na Desemba tunachuma.

Sasa lile la miti miwili. Plamu nyingi za Kijapani hazikubali chavua yake yenyewe. Kila moja hutaka ya jamaa wa aina nyingine, anayechanua siku zilezile. Kule Kibosho walikuwapo ndugu wawili ambao vihamba vyao vimetenganishwa na mstari wa masale, mmea wetu wa mpakani. Mdogo alikuwa na mplamu uliozaa mpaka matawi yakavunjika. Kaka yake alikuwa na mplamu wa matunda machache, machungu, yanayoangukia zizini. Mwaka mmoja kaka akachoka, akaukata, akajengea banda. Msimu uliofuata mti wa mdogo ulichanua kama kawaida, na haukutoa hata tunda moja. Mwaka wa pili vilevile. Maneno yakaanza, na mnajua maneno ya mpakani yanavyoweza kufika mbali. Ilisemwa kwamba mti umefanyiwa jambo. Nilipofika nilikiona kisiki upande wa pili wa masale, nikauliza kilikuwa cha nini. Mti mchungu ndio uliokuwa ukiuzalisha mtamu, nyuki wakivuka mpaka bila kuuliza shamba ni la nani. Tulibebesha tawi moja la aina nyingine juu ya ule mti uliobaki, na mwaka wa pili ukazaa. Hata Methley, ambao hujitosheleza, huzaa zaidi ukiwa na mwenzake. Kwa hiyo kabla hujapanda, mwulize jirani yako ana nini.

Machache ya haraka. Kubebesha juu ya mpichi kunafaa, na mbegu zake tunazo, lakini mizizi ya mpichi haipendi kabisa maji yaliyosimama. Msipande ukingoni mwa mfongo. Matunda yakiwa mengi kupita kiasi, yapunguzeni yakiwa saizi ya punje ya karanga, yabaki yameachana kwa upana wa kiganja. Na nzi wa matunda, yule wa Asia aliyeonekana Afrika Mashariki mwaka 2003, anayapenda mno matunda haya. Okoteni kila tunda lililoanguka, kila siku, mlitie kwenye mfuko mweusi uliofungwa na kuuacha juani, wala msilitupe kwenye shimo la takataka lililo wazi.

Ndugu mwenyekiti, namalizia kwa jambo la leo hii. Pale mlangoni pana ndoo mbili. Ndani yake kuna vijiti vya Methley nilivyokata asubuhi, na vichache vya Santa Rosa vilivyofungwa uzi mwekundu ili visichanganywe, vyote vimeviringishwa kwenye gunia lililoloweshwa. Vinatosha viwili kwa kila kaya ya kuanzia mita 1,400 kwenda juu, na anayejua ana mpichi mchanga wenye unene wa penseli achukue vitatu. Visiguse jua njiani. Vibebesheni leo kabla ya giza au kesho asubuhi na mapema, kwa sababu keshokutwa vitakuwa vimeanza kukauka. Wembe ninao, na kwa yeyote ambaye hajawahi kuona ndani ya kitumba, nitakata kimoja hapahapa mezani. Mtaona kwamba hiki ni cha kijani.